Tanuru dogo la mkono: joto linapokataa kupanda, linapokimbia na linapodanganya

Tanuru la kuchomea vyungu la kuongozwa kwa mkono halina kompyuta ya kulifikiria. Lina swichi mbili au tatu za kuzungusha, lina tundu la kuchungulia, na lina mtu aliyeketi mbele yake akihesabu saa. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu huyo, hasa aliye hapa Lubumbashi, mwenye tanuru la umeme la lita 50 hadi 100, la kilowati 3 au 4, liwe la mitumba au lililojengwa na fundi wa mtaani kwa matofali mepesi ya moto. Wanaochoma kwa makala, yaani makaa, nao wana lao huko mbele, kwa ufupi.

Kinachowaponza wengi ni mkono kukimbilia swichi. Joto likisimama, mtu anazungusha. Likipita, anazima. Vyungu vikipasuka, anabadili udongo. Kumbe dalili moja inaweza kuzaliwa na sababu tatu zisizohusiana hata kidogo: umeme unaoingia ni mdogo, waya wa joto umechoka, au kipimo chenyewe kinasema uongo. Ukiwa hujajua ni ipi, swichi haikusaidii kitu. Namna ya kujua ni kuandika. Kila nusu saa jaza safu nne za daftari: saa, swichi ziko wapi, pirometa (kipimo cha joto la tanuru) inasoma ngapi, volti ni ngapi. Digrii 700 peke yake haikuambii lolote. Digrii 700 baada ya nusu saa iliyopandisha 12 tu, wakati juzi nusu saa hiyohiyo ilipandisha 60, inakuambia karibu kila kitu.

Mwendo wa tanuru zima

Mgonjwa hutambuliwa na anayemjua akiwa mzima, kwa hiyo tuanze na mwendo wa kawaida. Uchomaji wa kwanza, ule wa kuufanya udongo uwe gae kabla ya kupaka glezi (ile ngozi ya kioo juu ya chungu), huishia kati ya digrii 1,000 na 1,060. Panda kwa digrii 60 kwa saa hadi 120, ukitua kwanza kwenye 80 au 90 mpaka unyevu uishe. Halafu digrii 100 kwa saa hadi 600. Baada ya hapo 150 kwa saa hadi mwisho. Jumla ni kama saa 10 au 11. Ukiona mtu anajisifu kwamba amemaliza kwa saa 4, mwombe akuonyeshe vyungu vyenyewe.

Macho nayo ni kipimo, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Wekundu wa kwanza, hafifu, huonekana gizani kati ya 550 na 600. Wekundu wa damu ya mzee ni kama 750. Rangi ya chungwa ni 950 hivi, na njano huanza kuingia kwenye 1,100. Mchana, mlango ukiwa wazi, rangi zote hizi zinaonekana baridi kuliko zilivyo, na ndipo watu hupitiliza. Usichungulie kwa macho matupu joto likishavuka 900: vaa miwani ya fundi wa kuchomelea, ile nyepesi ya kazi ya gesi.

Joto linapanda vizuri, kisha linasimama kwenye 850 au 900

Hili ndilo lalamiko la kila siku mjini kwetu, na mara nyingi tanuru halina kosa lolote.

Anza na volti. Pima tanuru likiwa limewashwa lote, hapo hapo kwenye plagi yake. Ukipima likiwa limezimwa utasoma 220 nzuri sana, namba isiyo na maana. Mtafute fundi umeme akufungie ukutani kipimo cha kudumu cha volti, kile kidogo chenye namba nyekundu. Bei yake haifiki hata nusu ya waya mmoja wa joto, na kitakuokoa kila wiki.

Kwa nini volti ina uzito kiasi hiki? Kwa sababu nguvu ya waya wa joto haipungui sawa na volti, inapungua kwa kipeo chake cha pili. Tanuru la wati 3,500 kwenye volti 220 likipewa 190 linabaki na wati 2,600 hivi. Likipewa 180 linabaki na 2,340. Yaani volti imepungua chini ya tano moja, lakini theluthi ya moto imetoweka. Kwenye digrii 500 huwezi kugundua, kwa kuwa tanuru bado linapoteza joto kidogo. Kwenye 900 kuta na kifuniko vinamwaga joto nje kwa kasi ileile waya unavyolizalisha, na mshale unasimama palepale.

Chukua mfano wa ukurasa wa daftari. Saa 2 usiku: swichi zote kubwa, digrii 905, volti 184. Saa 2 na nusu: 911, volti 182. Saa 3: 914, volti 183. Mtu asiyeandika volti hapo atasema waya umekufa. Saa 5 usiku, mtaa ukishalala: digrii 960, volti 211. Hiyo ni hukumu tayari. Waya ni mzima, jirani walikuwa wanapika na kupiga pasi. Umeme wetu unashuka kutoka bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, kwa laini ya takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, unaongezewa na mabwawa ya huku kwetu kama Nzilo, Nseke, Mwadingusha na Koni, na unagawanywa kati ya migodi, viwanda na nyumba. Fundi wa vyungu hawezi kulibadilisha hilo. Anachoweza ni kupanga saa. Anza polepole jioni, wakati joto la chini halihitaji nguvu nyingi, ili kipande kigumu cha kutoka 850 hadi mwisho kiangukie kati ya saa 5 usiku na saa 10 alfajiri. Stabilizateri (kifaa cha kusawazisha volti) ndogo ya televisheni usiifikirie: kwa tanuru la kilowati 3.5 unahitaji kubwa kuliko hapo, na bei yake ni afadhali uitumie kwenye matofali.

Volti zikiwa ndogo hata usiku wa manane, fuata kebo. Kebo ya shaba ya milimita mraba 1.5 yenye urefu wa mita 30, ikibeba ampea 16, inakula volti 11 njiani, na hizo 11 ni karibu moja ya kumi ya moto wako. Weka ya milimita mraba 4 na utabaki na upotevu wa volti 4 tu. Angalia pia kama ni shaba kweli: kwaruza kwa kisu, kwa maana kuna kebo sokoni za alumini iliyopakwa shaba juu, na hizo hupata moto hadi ngozi yake inalainika. Gusa plagi baada ya saa moja ya kazi. Ikichoma kidole, sehemu ya joto ulilolipia inaishia pale, na nyumba iko hatarini.

Kebo ikiwa safi, ndipo uende kwenye waya wa joto. Zima tanuru, chomoa plagi kabisa, lipoe, kisha pima omu, yaani ukinzani wa waya. Tanuru la wati 3,500 kwa volti 220 linatakiwa lisome omu 14 hivi kwa jumla. Waya unavyozeeka unakuwa mwembamba na omu zinapanda. Zikizidi za upya kwa moja ya kumi, joto la mwisho litakuwa gumu kufikika. Zikiwa mara mbili ya kawaida, nyaya haziwezi kuchakaa hivyo pamoja: mmoja umekatika na uliobaki unafanya kazi peke yake. Hilo unaweza kuliona hata bila kipimo, kwa kuwa mstari mmoja unabaki mweusi wakati mwingine umekuwa mwekundu.

Unaponunua waya wa kubadilisha, nenda sokoni na sumaku mfukoni. Waya wa aina ya Kanthal, wenye chuma, kromi na alumini, unanaswa na sumaku ukiwa baridi. Waya wa nikromu, ule wa majiko ya kupikia, haunaswi. Tofauti ni kubwa: nikromu hauvumilii zaidi ya digrii 1,200 kwenye mwili wake, na kwa kuwa waya daima una joto kuliko chumba, tanuru lenye nikromu lisipandishwe zaidi ya 1,100. Lakini Kanthal nao una tabia yake. Ukishachomwa mara moja unakuwa mkavu kama bua, ukiupinda baridi unavunjika. Ukitoka kwenye mfereji wake, upashe mpaka uwe mwekundu, zima, chomoa plagi, halafu urudishe kwa koleo ungali laini. Kuchomoa plagi hapo ni lazima, kwa kuwa waya huo hauna ganda.

Zimebaki sababu mbili ndogo. Kifuniko kisichokaa sawa hutoa mstari wa mwanga gizani. Ziba kwa pamba ya kaolini, ile isiyoungua, ukiwa umefunga pua na mdomo. Na tanuru lililojazwa vigae vizito mpaka juu linabeba mzigo mkubwa kuliko siku ya vikombe vitano, kwa hiyo usilinganishe siku hizo mbili kwenye daftari.

Linapanda mbio mwanzoni, vyungu vinalipuka

Mama mmoja mfinyanzi wa Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, aliniletea vipande kwenye beseni.

"Papa, nilivikausha wiki nzima. Mbona vimelipuka?"

"Mama, vilikaukia wapi?"

"Ndani, nyuma ya mlango."

"Na mvua?"

"Inanyesha kila siku."

Vipande vyenyewe vilikuwa vimejibu kabla yake: vilikuwa bapa, vyembamba, vimebanduka kama maganda, na ndani rangi ya udongo mbichi haijabadilika. Chungu kinacholipuka hivyo kimelipuka chini ya digrii 150, na muuaji ni maji. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka mara 1,700 hivi, na mvuke ulio katikati ya ukuta mnene hauna pa kupitia. Hapa Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 96. Kwa hiyo yule anayetua kwenye 100 kama alivyosoma kwenye kitabu tayari amechelewa. Tua kwenye 85.

Kuanzia Novemba hadi Machi chungu hakikauki kwa hewa peke yake, hata ukikipa mwezi. Kiegemeze shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, maji bado yanatoka. Kisha tanuru likiwa kwenye 85, kifuniko kikiwa kimeinuliwa kwa kijiwe cha unene wa kidole, shika kioo kikavu kwa koleo mbele ya tundu la juu kwa sekunde chache. Kikitia ukungu, subiri. Kisipotia, funga uendelee. Kioo hicho ni cha thamani kuliko pirometa katika hatua hii.

Shida ya swichi za mkono ni kwamba hata "ndogo" huwa kubwa mno kwa saa za mwanzo. Tumia waya wa chini peke yake, au tumia saa: washa dakika 5, zima dakika 10, kisha washa 7 zima 8, hivyo hivyo. Ni kazi ya kukaa, lakini hakuna swichi itakayokufanyia. Na kama tanuru ni lilelile, swichi ni zilezile na bado linakimbia usiku fulani, tazama safu ya volti. Usiku wa manane zinaweza kuruka kutoka 190 hadi 225, na moto ukaongezeka kwa theluthi na zaidi bila mtu kugusa kitu.

Pirometa inasema hivi, koni inasema vile

Amini koni. Nasema hivyo bila kusita, kisha nieleze.

Koni ni kijiti cha piramidi kilichotengenezwa kwa udongo na madini yanayolainika kwa joto linalojulikana. Hermann Seger alizitoa Berlin mwaka 1886, na Edward Orton akatengeneza zake Ohio, Marekani, miaka 10 baadaye. Uzuri wake ni kwamba koni haipimi digrii za dakika ile, inapima kazi yote ambayo joto limefanya, kama udongo na glezi vinavyofanyiwa. Ukipanda haraka, koni inalala kwenye digrii za juu zaidi. Ukipanda polepole, inalala mapema. Tofauti ya digrii 10 hadi 20 kati ya koni na pirometa nzima haina ubaya, usiitafutie tiba.

Tofauti ikiwa 50 au 80, kuna jambo. Pirometa ni termokapo, nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa ncha, pamoja na saa ya kusomea. Aina tunayoipata zaidi ni K. Tazama kwanza ncha imeingia ndani kiasi gani: ikiwa imeishia ndani ya unene wa ukuta, inasoma ukuta. Itokeze ndani sentimita 4 au 5. Pili, tazama waya unaotoka kichwani kwenda kwenye saa. Fundi akiurefusha kwa waya wa kawaida wa shaba, kipimo kinaanza kuhesabia kutoka kichwani badala ya kwenye saa. Kichwa kikiwa na joto la 60 na chumba kina 25, utasoma 35 pungufu usiku kucha. Nunua waya wa aina K, au sogeza saa karibu.

Tatu, ni jambo linalowatisha wanaoanza: tanuru linapata moto na namba zinashuka. Nyaya zimegeuzwa. Zibadilishane pale kwenye saa, yameisha. Rangi zisikupoteze, kwa kuwa kwa kawaida ya Marekani waya mwekundu wa termokapo ndio hasi, kinyume na umeme wa nyumbani. Kwa aina K ya kimataifa, kijani ni chanya na cheupe ni hasi. Mwisho, jaribu ncha kwenye maji yanayochemka. Ikisoma karibu 96 hapa kwetu, mwanzo wake uko sawa. Ila jaribio hilo halithibitishi 1,000: termokapo iliyochoka, yenye magamba, inaweza kuwa kweli kwenye maji na mwongo kwenye moto. Hapo ni koni tu.

Weka koni tatu kwenye kipande cha udongo chenye vitundu, zikiinama kidogo upande mmoja, mbele ya tundu la kuchungulia: moja ya chini ya lengo, moja ya lengo, moja ya juu yake. Kwa uchomaji wa kwanza hizo ni 05, 04 na 03. Ya kwanza inapoanza kuinamisha ncha, acha kila kitu kingine ukae hapo. Huanza kwa kichwa tu, kama aliyesinzia, halafu ndani ya dakika chache mgongo wote unapinda. Ya lengo ikigusa chini kwa ncha yake, zima. Ya tatu ikiwa imeanza kupinda, umepita, andika hivyo.

Na tafadhali isome sifuri. Koni 06 ni karibu digrii 1,000. Koni 6 ni karibu 1,220. Kwenye zenye sifuri mbele, namba kubwa ndiyo baridi. Nimeona rafu nzima ya vikombe imekuwa bamba moja la kioo kwa sababu ya sifuri hiyo. Koni za Seger na za Orton nazo hazilingani namba kwa namba, kwa hiyo angalia boksi.

Katika mji wa shaba kuna wanaoweka kipande cha waya wa shaba ndani kama kipimo, kwa kuwa shaba huyeyuka kwenye 1,085. Sishauri. Hewani shaba hushika oksidi kwanza, na mchanganyiko huo huanza kuyeyuka kwenye 1,065 hivi, kisha unatiririka na kula rafu.

Juu kumeiva, chini kubichi

Weka koni kwenye rafu ya juu, ya kati na ya chini mara moja, ili uwe na ushahidi. Tofauti ya nusu koni ni ya kawaida. Ikizidi, washa waya wa chini saa moja kabla ya wa juu, na kwenye saa za mwisho acha wa juu kwenye wastani. Acha sentimita 2 au 3 kati ya chungu na waya. Rafu ya kwanza isilale sakafuni, iinue kwa vigingi, na vyungu vizito visirundikwe chini vyote. Ukifika mwisho, badala ya kuzima ghafla, shika joto kwa dakika 20 au 30 kwa kuzima na kuwasha, sehemu iliyobaki nyuma itafikia.

Umeme umekatika katikati

Jambo la kwanza, zungusha swichi zote hadi sifuri, kwa kuwa umeme ukirudi kwa kishindo usikute tanuru limefunguliwa lote. La pili, ziba kila tundu. La tatu, andika saa na digrii.

Ukirudi na tanuru bado liko juu ya 600, washa zote uendelee. Uchomaji wa kwanza hauharibiki kwa kupumzika. Ukirudi limeshuka chini ya hapo, rudi polepole, digrii 60 hadi 80 kwa saa mpaka uvuke 650, kwa sababu kwenye 573 chembe za mchanga mweupe ndani ya udongo hutanuka ghafla, na chungu kinakuwa kinaipita njia hiyo kwa mara ya tatu. Umeme ukikatika kabla hujavuka 120 hakuna shida, ni kama unaanza upya. Kwa glezi, hesabu ni nyingine: ikiwa koni ya kwanza ilishaanza kuinama kabla umeme haujaenda, koni hizo haziaminiki tena. Acha lipoe, badilisha koni, choma tena. Gurupu, yaani jenereta, la kilowati 2 halitalibeba tanuru hili, hata mwenye nalo akikuapia.

Nyufa, moyo mweusi na vidoa vinavyobanduka

Ufa una maandishi yake. Kwenye chungu chenye glezi, kingo za ufa zikiwa za mviringo, glezi imezifunika, basi kilipasuka kikipanda, kabla glezi haijayeyuka. Kingo zikiwa kali za kukata kidole, kilipasuka kikipoa, maana yake ulifungua mapema. Kifuniko kisiguswe mpaka 200, na vyungu vitolewe chini ya 100. Haraka ya kuona kazi naielewa kabisa, lakini itakugharimu kazi yenyewe.

Moyo mweusi ndani ya ukuta ni kaboni iliyokosa hewa ya kuungulia. Kati ya 700 na 900 tembea polepole na acha tundu la juu wazi. Ukiifungia kaboni ndani kisha ukapanda, chungu kitavimba malengelenge, na uchomaji wa pili hautakiponya.

Sasa vile vidoa. Wengi hapa tunachimba udongo wa vichuguu, vile vikubwa vinavyozidi kimo cha nyumba pembezoni mwa mji. Ni udongo mzuri, unafinyangika, na matofali ya nusu ya mji yametoka humo. Lakini vichuguu vya kwetu vinalimbikiza chokaa, na ukiuvunja udongo wake mkavu utaona punje nyeupe kama mbegu za mtama. Punje hiyo ikipita 850 hivi inageuka chokaa hai. Chungu kinatoka kizima, kinang'aa, unakiuza. Baada ya wiki kimenyonya unyevu wa hewa, chokaa inavimba, na kidoa cha ukubwa wa kucha kinaruka, katikati kuna alama nyeupe. Mnunuzi anafikiri umemwibia. Hakuna swichi inayotibu hili. Loweka udongo uwe uji, uchuje kwa kitambaa au chujio la matundu yasiyozidi nusu milimita, au chagua udongo wa mtoni. Kama hujui udongo wako ni wa namna gani, choma kigae kimoja, kilowanishe, kiweke dirishani siku kumi ukitazame.

Kwa wanaochoma kwa makala

Daftari ni lilelile, ila swichi yenu ni hewa. Makala mengi yenye hewa kidogo hayaongezi joto, yanaongeza moshi na gesi inayoua bila harufu. Chomeni nje, kamwe si chini ya paa lililofungwa. Joto likisimama, fungueni chini kwanza kabla ya kuongeza makala. Glezi ya malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, inayotoka kijani kwenye umeme inaweza kutoka nyekundu kwenye moto unaokosa hewa, na wengine huitafuta makusudi. Vumbi la malakiti msilivute, na bakuli la glezi ya shaba lisiwekewe ndimu wala siki.

Joto halikomi kupanda hata ukizima

Hili ni la dharura. Swichi imezungushwa hadi sifuri, waya bado ni mwekundu: viungo vya ndani ya swichi vimeungana kwa moto. Usiigongegonge. Zima kwenye disjonteri ya ukutani (swichi kuu ya kukata umeme), na kama tanuru halina disjonteri yake peke yake, hilo lifanywe kabla ya uchomaji mwingine wowote, pamoja na waya wa ardhi. Likipoa, fungua sanduku la swichi plagi ikiwa imechomolewa. Utaona bati la kiungo limekuwa jeusi na lina mashimo madogo. Usilisugue kwa msasa na kulirudisha, kwa kuwa litaungana tena ndani ya miezi michache. Badilisha swichi nzima kwa yenye ampea kubwa kuliko ya zamani, na uangalie mwisho wa nyaya zinazoingia humo: ganda likiwa limeiva na kukauka, kata sentimita 5 na ufunge upya kwa skrubu iliyokazwa sawasawa.